Breki ya Gari Hili ni Utingo

Kuna maneno nimeyasikia stendi ya Kibiti mara nyingi mno hata yamenichosha masikio. Mwenye gari anasimama kando ya Land Rover yake, mguu mmoja juu ya bampa, anawaambia wenzake: "Nimeutupa mtambo wa Mwingereza, nimefunga ya Toyota. Bei ya injini tu, mchezo kwisha." Wenzake wanatikisa vichwa kwa husuda. Wapiga debe wanamwita bosi. Hakuna anayeuliza swali la pili.

Mimi nauliza swali la pili, na la tatu, na la kumi. Na asije mtu akaniambia kwamba kijana wa mashairi na hadithi fupi hana ruhusa ya kuingia gereji. Kurasa hizi zimejaa mbalamwezi ya Nyamisati na mawimbi ya Mafia. Ni beti nzuri, wengine wetu tumezihifadhi. Lakini huyo msichana wa kwenye shairi alifikaje Nyamisati? Hakupaa. Alikaa juu ya gunia la mpunga ndani ya Land Rover ya zamani, goti lake likigusana na tenga la kuku, na nyuma, kwenye ngazi, alining'inia kijana mmoja ambaye hakuna shairi lililomkumbuka. Huyo ndiye ninayemtetea hapa. Lakini kwanza hesabu.

Nikubali mapema ili tusigombane bure: kubadili injini si dhambi. Land Rover Series III ilitengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Ile ya dizeli, yenye ujazo wa sentimita 2,286, ilitoka kiwandani na nguvu za farasi kama 62. Hizo ni nguvu za siku ya harusi. Miaka 40 baadaye, ringi zimelika, kampresheni imekwenda na maji, bibi harusi amekuwa bibi kweli. Asubuhi anasukumwa na watu sita ndipo akohoe. Sasa mpakie abiria 14, magunia, ndoo za kamba na godoro la mtu anayehamia Salale, halafu mpeleke njia ya Bungu kwenda Nyamisati wakati wa masika. Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003 na lami kuungana, mabasi na Coaster zimejitwalia barabara kuu. Land Rover zimeachiwa njia ambazo Coaster haithubutu: mchanga kiangazi, udongo mweusi masika. Huko nguvu 62 za mwaka 1975 hazitoshi, na anayebisha aende akasukume.

Utasema, kwa nini mtu asinunue gari jipya zaidi? Jipya lipi, ndugu yangu? Gari la mtumba likizidi miaka 8 linaongezewa ushuru wa uchakavu juu ya kodi nyingine zote bandarini. Lisilozidi miaka hiyo, bei yake huko Japani yenyewe inakufukuza. Basi mwenye Land Rover anatazama bodi yake ya alumini ambayo haijaoza, chesisi aliyoichomelea mara tatu, anaona ni busara kubaki nayo na kuipa moyo mwingine. Ni busara. Mimi ningefanya hivyo hivyo.

Kuna na wale wa upande wa pili, wanaotoka mjini na kamera, wanaosema Land Rover yenye injini ya Toyota ni mwanaharamu, imepoteza asili. Mwaka 2024 Land Rover kwa mamia zilikusanyika Arusha kwa tamasha, watu wakazipiga picha, na nasikia ubishi wa asili na usasa ulikuwa mkali. Hao nawajibu kwa meli. Liemba ya Ziwa Tanganyika ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa vipande vipande, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikainuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Ilikuwa meli ya mvuke. Miaka ya 1970 mashine zake za mvuke ziling'olewa, ikafungwa dizeli. Kuna mtu wa Kigoma aliyekataa kupanda kwa kuwa moyo umebadilishwa? Asili ya chombo ni kuvusha watu. Hayo yameisha, tusonge.

Ugomvi wangu uko kwenye lile neno "tu". Bei ya injini tu.

Mwaka juzi mwenye gari mmoja alinipa daftari lake nimsaidie kujumlisha, kwa sababu hesabu zilikuwa zinamkataa na mimi ndiye niliyejulikana mtaani kwa kushika kalamu. Sitaji jina lake, wala jina lililoandikwa kwenye paji la gari lake, ingawa wa Kibiti watalijua. Sitataja shilingi pia, kwa sababu shilingi ya mwaka huu si ya mwaka ujao, na msomaji wa miaka mitano ijayo atacheka. Tuseme bei ya injini ilikuwa 10. Injini yenyewe ilikuwa Toyota 3L, lita 2.8, dizeli isiyo na taabo wala kompyuta, iliyonunuliwa Dar es Salaam kwa wale wa injini za mtumba, ikashushwa Kibiti ikiwa imefungwa kwa minyororo kwenye Canter kama mhalifu.

Hiyo ndiyo 10. Sasa sikiliza.

Injini ya Toyota haikutani na giaboksi ya Land Rover kwa mapenzi. Matundu hayalingani. Lazima ipatikane sahani nene ya chuma katikati yao, ikerezwe, na flaiwili ifanyiwe kazi ili klachi ikae. Hapo kosa la unywele linatosha: sahani ikikaa upande kidogo, shafti ya giaboksi inazunguka kwa kuyumba, beringi inalia mwezi wa kwanza, inakufa mwezi wa tatu. Kibiti kuna mafundi hodari wa kuchomelea, lakini kukereza kwa kipimo hicho kunahitaji mashine nzuri na mtu asiye na haraka, na vyote viwili viko mjini. Sahani, kukereza, klachi: 4. Fundi na msaidizi wake: 3. Rejeta ya zamani ilitengenezewa injini ya farasi 62, hii mpya ina joto lake. Rejeta nyingine na mipira yake: 2. Propela kukatwa, kuchomelewa na kubalansiwa: 2. Wayaringi, betri, starta iliyokuja ikiwa mbovu: 2. Usafiri wa mzigo, pamoja na safari tatu za Dar kufuata kitu kimoja kilichosahaulika kila mara: 2. Sampu iliyogonga ekseli ya mbele ikabidi ikatwe na kuundwa upya, bomba la moshi, mauntingi, bolti, chai ya mafundi: 2.

Jumlisha. Ni 17. Injini ya 10 imezaa watoto wa 17, na bado gari halijatoka chini ya mwembe.

Lakini kubwa zaidi halikuandikwa kabisa, nami ndiye niliyeliongeza kwa penseli, mwenyewe akakasirika. Gari lilikaa siku 41. Siku 41 dereva hakuleta hesabu. Kwa hesabu ya kawaida ya njia ile, ukiondoa mafuta na siku za kupumzika, hiyo ilikuwa sawa na 12 nyingine. Aliniambia, "Bwana mdogo, pesa ambayo sikuipata si pesa niliyoitumia." Nikamuuliza, katika hizo siku 41 alikula nini? Akanyamaza. Alikuwa amekopa. Riba ya mkopo pia haikuwemo daftarini.

Basi 10 imekuwa 39. Siyasemi haya kumcheka. Wenzetu wa Marekani wana ugonjwa huu huu, tena wao kwa starehe. Tangu General Motors ilipotoa injini ya LS1 kwenye Corvette ya mwaka 1997, wapenzi wa magari ya nguvu ya miaka ya 1960 na 1970, Camaro na ndugu zake, wanang'oa injini za zamani na kufunga za jamii hiyo. Wanaipata kwenye makaburi ya magari kwa bei nafuu, wanashangilia, kisha pampu ya mafuta, waya, rejeta na bomba la moshi vinawatafuna. Tofauti ni kwamba yule akikwama nusu ya njia anafunika gari lake kwa turubai, anakwenda kazini kwa gari jingine. Wetu akikwama, watoto hawana ada, na mgonjwa wa kijiji hana usafiri.

Na hili la kumbeba mtu mwingine gharama si jipya kwenye delta yetu. Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar, iliharibikiwa mashine ikajificha ndani ya mikoko ya Rufiji, pande za Salale. Vipande vya mashine vilipelekwa kwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 100, vikatengenezwa, vikarudishwa. Kwa gari gani? Kwa migongo. Waafrika walivikokota, kwenda na kurudi. Meli ilizamishwa Julai 1915, mizinga yake 10 ikaopolewa, nayo ikakokotwa. Mmoja ulifika hata kwenye ile Graf von Götzen ya Tanganyika niliyoitaja juu. Jina la nahodha, Max Looff, limo vitabuni. Uzito wa mizinga umo. Jina la mkokotaji hata mmoja sijalikuta. Bajeti ya matengenezo yale ilikuwa nafuu sana, kwa sababu kulikuwa na mstari mmoja ulioachwa wazi na watu wakajazwa pale.

Shika hilo la mstari ulioachwa wazi, maana sasa nafika kwenye daftari la yule bwana tena. Nililipitia mbele na nyuma nikitafuta neno moja. Kulikuwa na rangi. Kulikuwa na redio. Kulikuwa na stika ya simba kwa ajili ya kioo cha nyuma. Breki hazikuwemo.

Ndugu msomaji ambaye hukupata kulala chini ya gari, nikueleze kwa kifupi. Series zote zilitoka na breki za ngoma magurudumu yote manne. Diski za mbele zilikuja na One Ten mwaka 1983. Breki za ngoma si mbaya kwa gari linalotambaa. Ila ukizidisha mwendo mara mbili, kutoka 40 hadi 80 kwa saa, kazi ya kulisimamisha haizidi mara mbili, inazidi mara nne, na kazi hiyo yote inageuka joto ndani ya ngoma. Ngoma ikipata joto, lainingi zinateleza. Ukikanyaga, mguu unakwenda hadi sakafuni na gari linaendelea na safari zake. Ile injini choka ya farasi 62 ilikuwa na baraka moja ambayo hatukuishukuru: haikuweza kufika huo mwendo. Uchovu wake ulikuwa nusu ya breki. Umeuondoa uchovu, umeweka nini badala yake?

Tena kuna mtego mwingine, na huu mafundi wanaujua, wanakaa kimya ili wasipoteze kazi. Magari mengi ya aina hii yalikuwa ya petroli. Injini ya petroli inavuta hewa kwa kukabwa koo, na huo mvuto ndio unaotumika kusaidia mguu wa dereva kwenye busta ya breki. Dizeli haikabwi koo. Haina mvuto wa kugawa. Kwa hiyo dizeli za Toyota kama 2L na 3L zina pampu ndogo ya kuvuta hewa mgongoni mwa alteneta. Sasa nenda kanunue alteneta ya mtumba: yenye pampu ni ghali, isiyo na pampu ni rahisi, taa zote mbili zinawaka sawasawa. Mwenye gari wetu amenunua ipi? Umejibu mwenyewe. Busta imebaki pale kama sufuria tupu jikoni, ya kuonyesha wageni. Dereva anakanyaga kwa miguu miwili, na anaambiwa atazoea.

Ndipo anapoingia utingo.

Wa mjini mnamjua utingo kama kijana wa kupakia na kupakua. Njia zetu zina kazi ya ziada. Chini ya benchi la nyuma kuna gogo la mkoko, zito kama chuma, limechongwa upande mmoja kama kabari. Gari likianza kurudi nyuma kwenye kilima, au likikataa kusimama kwenye mteremko, dereva anapiga kelele, "Dogo, gogo!" Dogo anaruka na gogo lake, anakimbia sambamba na gurudumu, anainama, analisukumiza chini ya tairi linalozunguka, anachomoa mkono. Akiwahi, abiria wanacheka na kumpa muwa. Hiyo ndiyo breki ya gari. Ina miaka 16 au 17, haina mkataba, inalipwa posho ya siku, na siku za gereji hailipwi.

Gari la daftari lile lilipotoka chini ya mwembe likiwa na moyo mpya, lilikuwa na fahari kweli. Lilipanda vilima kwa gia ya tatu. Wiki ya tano, likiteremka kuelekea pwani na mzigo wa saruji na watu juu yake, halikusimama. Kijana akaruka na gogo. Mwendo ule haukuwa ule aliouzoea, wa injini ya zamani; mguu wake ukatangulia, gogo likafuata. Gari lilisimama kwenye kichaka cha mikorosho mita kadhaa mbele. Abiria walipata michubuko. Kijana alipelekwa hospitali kwa pikipiki, akarudi baada ya wiki kadhaa na mguu mmoja wa kulia usio na nusu ya mbele. Mwenye gari alipeleka sukari kilo mbili na fedha kidogo kwa mama yake, akasema ni kazi ya Mungu. Jioni ile ile stendi walimpa pole. Nilikuwepo. Mtu aliuliza, "Na injini?" Akajibu, "Alhamdulillahi, injini imetoka salama."

Sasa naomba watetezi wao wasimame, maana nawajua na hoja zao.

Wa kwanza atasema: hela hazipo, ndugu mwandishi, unaandika kama umeshiba. Hazipo? Nilikaa na fundi nikapiga hesabu ya breki za gari lile: lainingi mpya magurudumu yote, silinda za magurudumu, masta silinda, mabomba yaliyooza, alteneta yenye pampu. Ilikuwa 4. Kwenye 39 iliyokwisha kutumika, iwe daftarini au nje ya daftari, 4 ilikosekana? Redio na rangi peke yake zilikuwa zimekula nusu yake, kutoka mfuko mwingine wa "marembo". Tusidanganyane. Hela zilikuwepo, ila kulikuwa na kitu kinachofanya kazi hiyo hiyo kwa posho ya siku, kikipotea kinapatikana kingine stendi kabla ya saa moja asubuhi.

Wa pili atasema: tatizo ni injini hizo za zamani, tufunge za kisasa, D4D, za kompyuta, zina nguvu na hazinywi mafuta. Huyu ananitisha kuliko wa kwanza, kwa sababu anasema kwa sauti ya maendeleo. D4D ni injini nzuri, siibishii. Inasukuma dizeli kwenye nozeli kwa mgandamizo unaozidi wa hewa tunayovuta mara 1,000 na zaidi, wakati 3L inaridhika na mia na kitu. Mgandamizo huo unataka dizeli safi kama maji ya kutawadhia. Sisi ng'ambo ya Nyamisati dizeli tunaiuza kwenye madumu. Dumu lilikuwa na mafuta ya nazi mwezi uliopita, limesuuzwa mtoni, limekaa kwenye mtumbwi, limepata maji ya chumvi. 3L inakohoa, unamwaga maji kwenye kichujio, unaendelea. D4D inakufa nozeli nne kwa mpigo, na nozeli nne za D4D zinaweza kukuuzia shamba. Halafu kuna kontroli boksi na wayaringi yake, mishipa kama ya binadamu, inayotaka pakavu. Aprili 2024 mafuriko yalipoingia Rufiji na Kibiti, mashamba na nyumba vikawa ndani ya maji, pakavu palikuwa wapi? Dizeli ya pampu ya kawaida, pua yake ya hewa ikiwa juu, inapita majini ikilalamika. Ya kompyuta inawasha taa ya njano na kukuambia umpigie simu mtu wa Dar. Usasa wa injini kwangu mimi ni huu: ikiugua Mbwera au Muhoro, yuko mtu wa kuitibu kwa vifaa vinavyobebeka kwenye pikipiki? Kama hayuko, hiyo ni ya kisasa kwa watu wengine.

Wa tatu, huyu ni ofisa, atasema sheria ipo. Ipo kweli. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, na ukibadili injini unapaswa kwenda kuibadili kwenye kumbukumbu. Wangapi wamekwenda? Kadi inasema injini ya petroli ya Solihull, chini ya bonneti inanguruma dizeli ya Toyota, na siku ya ajali bima ikipewa mwanya huo wa kubishana itabisha. Gharama ya kubadili kadi nayo iwekwe kwenye bajeti, pamoja na nauli na siku ya foleni. Na kila mwaka ikifika Wiki ya Nenda kwa Usalama stika zinabandikwa vioo vya mbele. Nimetazama ukaguzi huo stendi. Taa zinawashwa, honi inapigwa, pembetatu inaonyeshwa. Sijaona gari lililopandishwa kwenye mteremko wenye mzigo likaambiwa lisimame. Gogo la mkoko chini ya benchi ni ushahidi tosha kwamba gari halina breki, na askari analiruka kwa buti zake akienda kuangalia kizima moto.

Wa nne sitamjibu kwa ukali, kwa sababu ni mama. Aliniambia, "Mwanangu, mkiyazuia magari haya, sisi tutakwenda na nini Mchukwi?" Mwaka 2017, wakati wa mauaji yaliyoitikisa Kibiti, Rufiji na Mkuranga, pikipiki zilipigwa marufuku kutembea usiku, na mjamzito aliyeshikwa na uchungu usiku alitegemea gari kama hili au hakutegemea kitu. Mama huyo ana haki. Sisemi yazuiwe. Nasema daftari lianze mwisho kwenda mwanzo. Kabla ya kwenda Dar kuchagua injini, ngoma zifunguliwe, lainingi zibadilishwe, masta silinda ipimwe, gari lipakiwe saruji lipelekwe mteremkoni likiwa na injini yake ile ile choka, lisimamishwe. Likisimama, weka akiba ya siku 40 bila hesabu, posho ya utingo na dereva ikiwemo ndani. Kitakachobaki ndicho kikachague injini. Kama kinatosha 3L iliyochoka kidogo badala ya 1HZ ya kutamba nayo, chukua hiyo iliyochoka. Abiria wa Nyamisati wanasubiri maji yajae ndipo boti iondoke. Hawana haraka unayowadhania.

Na wewe fundi, kaka yangu, usijifiche nyuma ya "mwenye gari hakutaka". Ukimwambia mtu kwamba alteneta hii haina pampu na breki zitakuwa nzito, akakataa, mwandikie kwenye karatasi asaini. Hutaki kuandika kwa kuwa atampelekea kazi fundi mwingine. Najua. Yule kijana naye hakukataa kuruka, kwa sababu wangemchukua mwingine.

Wenzangu wa kalamu nao wasifikiri wamepona. Tumeandika juu ya vibopa na walalahoi mpaka maneno yamekuwa laini kama sabuni iliyokwisha. Nani ameandika juu ya gogo? Nani ameuliza lilichongwa na nani, na nani alimfundisha mtoto kuchomoa mkono kwa wakati? Kuna ufundi pale, tena wa kutisha, unaorithishwa stendi kutoka kwa utingo hadi utingo, na hauna hata neno lake kwenye kamusi.

Kijana mwenyewe sasa anauza vocha na maji ya baridi kwenye kibanda kando ya lami. Anazijua gari zote kwa mlio bila kuinua kichwa: hii 2L, hii 3L, hii One Ten na injini yake ya asili. Mwenye gari hana kinyongo naye, hupita kununua maji. Mwezi uliopita aliniambia 3L imeanza kula oili, anataka kufunga D4D, amechoka kupitwa. Ameshanunua daftari jipya na ameniomba nimsaidie hesabu tena, kwa kuwa mara ile nilimwonyesha vitu ambavyo hakuviona. Nikamwomba nitazame ukurasa wa kwanza. Mstari wa kwanza ameandika injini. Wa pili, rimu za alumini.